Usikate Wimbo Getini

Ninapiga tarumbeta, na hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa miaka ishirini na sita nimepiga kwenye harusi za Moshi mjini, Kibosho, Old Moshi, Masama, hadi kule chini kwenye mashamba ya miwa, nikiwa nimesimama nyuma ya pikapu au nikitembea mbele ya maharusi. Shule niliacha darasa la tano. Nyimbo zote nimejifunza kwa masikio. Nipigie wimbo mara mbili, mara ya tatu nakurudishia. Kwa hiyo mtu aliponiambia kuna wimbo wa harusi ambao sitauweza, nilikasirika kabla sijausikia.

Aliyesema hivyo ni mama mkwe wa mwanangu.

Mwanangu anaitwa Stella. Alisomea mifugo Morogoro, akaajiriwa huko huko kufundisha panya. Watu wa Kibosho walicheka. Unamsomesha mtoto miaka yote hiyo aje kufundisha panya? Lakini hao ni panya buku, wakubwa kama paka, wananusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na nchi zilizopigana vita zinawahitaji. Ndivyo alivyokutana na Vannak, kijana wa Kambodia aliyeletwa Morogoro mwaka mzima kujifunza kuwaongoza hao panya. Kazi yake ni kutegua mabomu. Stella akapelekwa Kambodia na panya wake, akakaa miaka mitatu, akarudi nyumbani na Vannak akiwa mchumba.

Siku ya kwanza kijana aliniamkia, "Shikamoo baba," kwa Kiswahili kilichonyooka. Nikajibu marahaba, kisha nikamwangalia mikono. Vidole vyote kumi vilikuwepo. Nikasema moyoni, huyu kazi yake anaijua.

Mambo ya mahari yalikwisha bila kelele. Padre naye alikubali kuwafungisha, ingawa Vannak si Mkristo. Misa ikapangwa Jumamosi. Wiki tatu kabla, mama yake akafika peke yake, ameshika kasha refu la mbao ambalo hakutaka mtu alibebe. Mwanamke mfupi, amepita sitini, anatembea haraka. Jina lake la kwao lilitushinda, tukamwita Mama Vannak. Mke wangu Monica alimpa mtori, akala mabakuli mawili. Akatoka nje kuangalia migomba, akauliza kupitia kwa mwanawe kwa nini ua la mgomba tunalitupa, maana kwao linaliwa. Nikaona huyu mama tutaelewana.

Baada ya chai akasema maneno marefu. Vannak alitafsiri akiangalia chini.

"Baba, mama anashukuru kwa mapokezi. Anasema misa ni jambo zuri. Lakini anasema kwetu ndoa bila muziki wake haijafungwa. Kila tendo la harusi lina wimbo wake. Kwa hiyo mwezi wa kumi wajomba wataandaa harusi kule kijijini, wapigaji wapo. Hapo ndipo ndoa itakuwa imefungwa, na ndipo ataanza kumwita Stella mkwe."

"Na sasa hivi anamwitaje?"

Vannak akasema, "Mgeni."

Mimi kule Kambodia nisingefika. Kwa hiyo maana yake ni kwamba mwanangu wa kwanza angeolewa nusu mbele yangu, na ile nusu inayohesabika ingefanyika mbele ya watu nisiowajua, mimi nikiwa hapa napalilia kahawa. Sikulikubali hilo.

"Mwambie huo muziki utapigwa hapa hapa," nikasema.

"Mama anauliza, nani atapiga?"

"Mimi."

Monica aligeuza uso akacheka ukutani. Mama Vannak hakucheka. Aliniangalia midomo, ambayo imekakamaa kwa sababu ya tarumbeta, akasema neno fupi.

"Anasema mdomo huo ni wa kupuliza," akasema Vannak. "Huu muziki unataka mkono. Anasema hutauweza."

Kisha mama akafungua lile kasha. Ndani mlikuwa na chombo cha marehemu mumewe, ambaye alipiga kwenye harusi za kwao maisha yake yote. Wanakiita tro. Kina shingo ndefu na tumbo la kifuu cha nazi kilichowambwa ngozi. Kinafanana kidogo na zeze la Wagogo, ila kina nyuzi mbili tu, na nywele za upinde zimepita katikati ya hizo nyuzi, huwezi kuutoa. Alikuwa amemletea mwanawe kama kumbukumbu. Mwanawe hajui kupiga.

Tukabishana, kijana katikati anatokwa jasho. Mwisho mama akakubali jambo moja. Nyimbo nyingine ataimba mwenyewe. Mimi nipige wimbo mmoja, ule wa kupokea masinia ya matunda ambayo watu wa bwana harusi huyaleta nyumbani kwa bibi harusi, wawili wawili kwa mstari. Nikiupiga sawasawa, atahesabu ndoa imefungwa. Lakini sharti la marehemu mumewe lilikuwa hili: wimbo unaanza msafara unapoanza kutembea, na haukatiki mpaka sinia la mwisho liguse mkeka. Ukikatika, msafara unarudi ulikotoka.

"Mwambie nimeelewa," nikasema.

Sikuwa nimeelewa kitu.

Shida ya kwanza ilikuwa kukaa. Sisi wa matarumbeta tunapiga tukitembea. Wimbo uko kwenye miguu, mdomo unafuata. Huu unapigwa umekaa kwenye mkeka, miguu umeikunja upande mmoja, na mwili umetulia kama uko kwenye maungamo. Nilipoanza kusugua upinde, mguu wangu ukaanza kupiga chini, pu, pu, pu, na wimbo ukageuka gwaride. Mama Vannak akanipiga kofi la goti. Nikaanza tena. Akanipiga tena. Mimi nina miaka hamsini na mbili, na mara ya mwisho kupigwa kofi na mwalimu ndiyo ilinifanya niache shule.

Shida ya pili ilikuwa sauti. Tarumbeta ina vitufe vitatu, unabonyeza, sauti unayoitaka inatoka. Hapa hakuna kitufe wala alama. Kidole kikikosea kwa upana wa punje ya mchele, wimbo unalia kama mgonjwa. Mama hakujua kupiga, lakini alikuwa amelala kitanda kimoja na huo wimbo miaka arobaini. Aliimba kipande, nikakirudisha, akatikisa kichwa. Aliimba tena.

Rafiki yangu Crispin, anayepiga lile tarumbeta kubwa la besi kwenye bendi yetu, anakaa nyumba ya chini yetu. Siku ya nne akapanda hadi kwenye ua.

"Mangi," akasema, kama Wachaga tunavyoitana, "nimekuja na grisi."

"Ya nini?"

"Mlango wa banda lako unalia tangu asubuhi. Mke wangu amesema hata mbuzi hawali."

Nikamfukuza. Lakini jioni ile nilimwambia Monica labda mama anasema kweli, sitauweza. Monica alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Sawa. Mwambie Stella mwenyewe. Mimi sitamwambia." Kesho yake nilikuwa kwenye mkeka kabla ya chai.

Dawa ya mguu aliigundua Mama Vannak. Alichukua kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akaijaza mpaka mdomoni, akaiweka juu ya goti langu. Akanionyesha kwa kidole: piga. Mbege ile ilikuwa ya Monica, ameipika kwa ajili ya wakwe, na Monica alikuwa amesimama mlangoni anaiangalia. Siku ya kwanza niliimwaga yote. Siku ya pili nusu. Mama akawa anajaza kata bila huruma, na mimi nanuka mbege kama mlevi wa sokoni. Asubuhi nilikuwa napita shambani kati ya mibuni nikiuimba wimbo kwa mdomo, natembea nao, kisha narudi kukaa na kujaribu kuupanda kwenye mkono. Siku ya kumi na saba kata haikumwagika hata tone. Mama alifumba macho mpaka nikamaliza. Akasema kitu.

"Amesemaje?" nikamuuliza Vannak.

"Amesema, kesho tena."

Nilifurahi kama mtoto.

Tulipanga msafara uje Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya misa. Ungeanzia kwa Crispin, upande njia yetu hadi getini, kisha uingie uani. Yalikuwa masinia kumi na mawili: mananasi, mapapai, parachichi, machungwa, ndizi mbivu. Kwa kuwa Vannak hapa hakuwa na ndugu ila mama yake tu, watu wa bendi yangu na wake zao walikubali kuwa ndugu wa bwana harusi kwa siku hiyo. Crispin alibeba sinia la mwisho. Mimi nilikaa barazani juu ya mkeka, tro mkononi, maiki ya spika karibu na kifuu ili sauti ifike chini.

Getini alikuwepo dada yangu Mektrida na shangazi wengine wanane. Walifunga kamba ya mgomba kutoka nguzo hadi nguzo, kama desturi yetu. Watu wa bwana harusi hawaingii hivi hivi. Wanazuiwa, wanahojiwa, wanataniwa, na wakijibu vizuri kamba inakatwa.

Crispin alipunga leso kutoka chini. Nikaanza.

Ulitoka vizuri. Niliuona msafara unapanda kati ya migomba, Mama Vannak mbele na sinia la ndizi, mwanawe pembeni yake amevaa hariri ya rangi ya dhahabu, wengine nyuma wawili wawili, wanatembea taratibu kama alivyowafundisha. Majirani walisimama kwenye uzio. Nikasema moyoni, Leodegar, umeshinda.

Msafara ukafika getini. Mektrida akainua mkono juu.

"Simameni hapo! Mnatafuta nini kwa Leodegar?"

Na mkono wangu ukashuka.

Kwenye matarumbeta, shangazi akiinua mkono getini, bendi inanyamaza. Kila mtu anajua hilo. Hata mpiga ngoma aliyelewa anajua. Unanyamaza ili utani usikike, kisha kamba ikikatwa unalipuka. Nimefanya hivyo getini mara elfu, na mkono ulifanya peke yake bila kuniuliza.

Ua wote ukawa kimya. Mama Vannak alisimama kidogo, ameinamisha kichwa, anasubiri sauti. Haikuja. Akageuka na sinia lake, akaanza kushuka. Vannak akamfuata. Na wale wengine, wawili wawili, wakageuka wakashuka.

"Hee!" Mektrida akapiga kelele. "Wanakwenda wapi? Jamani, nimeuliza swali tu! Kaka! Bwana harusi anaondoka!"

Shangazi wakaanza kulia kwa pamoja. Monica akatoka jikoni na mwiko. Stella akachungulia dirishani, kichwani amefungwa maua, macho yamemtoka.

"Baba, umekata!"

"Nimekata," nikasema. "Kosa ni langu."

Mektrida hakunisikia. Alikuwa anaamini amemfukuza mchumba wa mtu kwa mdomo wake. Alivunja jani la sale kwenye uzio, lile tunaloombea msamaha na ambalo Mchaga halikatai, akakimbia nalo chini, kanga inaburuta. Baada ya muda akarudi anahema.

"Nimempa kwa mikono miwili," akasema. "Kalipokea, kalinusa, kaliweka juu ya ndizi zake, halafu akaniinamia. Hiyo ndiyo nini? Kasamehe au hajasamehe?"

"Hajakukasirikia wewe. Wimbo wangu ndio ulikatika, wanaanza upya. Rudi getini."

"Basi safari hii tuwaache wapite tu, kaka. Tukunje kamba. Watapita haraka, wewe utamaliza wimbo wako, yaishe."

Ilikuwa njia rahisi, na nusura nikubali. Mkono ulishachoka. Lakini nilimwona Stella pale dirishani. Kama getini hakuna mtu wa kumzuia bwana harusi, mwanangu anatoka kwangu kama mbuzi aliyekosa mwenyewe.

"Kamba ibaki," nikasema. "Zuieni kama mnavyozuia siku zote, msipunguze neno. Mimi ndiye nitakayepiga mpaka mtosheke."

"Utaweza?"

"Nenda getini, Mektrida."

Crispin akapunga leso. Nikaanza tena.

Safari hii walipofika getini na mkono wa dada yangu ukapanda, niliuangalia ule mkono kama adui. Bega langu lilishtuka. Upinde haukusimama.

"Mnatafuta nini kwa Leodegar?"

"Tunatafuta mke," akasema Vannak.

"Mke! Wewe kijana, unajua kupalilia kahawa?"

"Shangazi, natoa mabomu ardhini. Magugu ndiyo yatanishinda?"

Getini waliangua kicheko. Mektrida naye alicheka lakini hakulegea. Alikuwa ameambiwa asipunguze neno, na yule dada yangu ukimruhusu kusema unakuwa umejitakia. Akamgeukia Mama Vannak.

"Mama, shikamoo. Umetuletea ndizi Kibosho? Kwani umeona hatuna?"

Vannak akatafsiri, mama akajibu, Vannak akasema, "Anasema zenu ameziona. Anasema ninyi maua mnatupa, kwa hiyo amekuja kumchukua binti kabla hamjamtupa na yeye."

"Mama huyu!" wakapiga kelele shangazi. "Huyu ni wa kwetu kabisa!"

Mimi nilikuwa nimeurudia wimbo mara ya nne. Kisha mara ya tano. Mguu uliokunjwa ukafa ganzi hadi nyongani. Vidole vya kushoto viliwaka kwenye uzi, na ngozi ya kidole cha kati ikachanika. Shangazi mmoja akataka kuonja nanasi, wakabishana kuhusu kisu. Mwingine akataka bwana harusi aimbe. Aliimba, vibaya sana. Mara ya saba. Mara ya nane. Jasho likaniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta.

Halafu kikatokea kitu ambacho sijawahi kukipata hata kwenye tarumbeta. Nikaacha kuhesabu. Goti lilitulia bila kata. Sikuwa tena nautafuta wimbo, ulikuwa unakuja wenyewe, nami nausindikiza tu. Nikaanza kuona watu. Niliona mabega ya shangazi yanakwenda na upinde wangu, pole pole, wao wenyewe hawajui. Mektrida alikuwa anauliza maswali kwa kufuata mwendo wa wimbo, anasubiri kipande kiishe ndipo aseme. Na chini kabisa ya mstari nikasikia besi. Crispin, sinia mikononi, alikuwa ananguruma wimbo kwa koo lake, sauti ile ile anayopiga kwenye bendi. Alikuwa ameukariri wote kutoka nyumbani kwake, siku zote zile alizokuwa anausema vibaya.

"Haya!" Mektrida akasema. "Mtoto ana jibu, mama ana jibu. Kisu kiko wapi?"

Kamba ikakatwa. Vigelegele vikapanda, na hapo ndipo sisi wa matarumbeta huwa tunaongeza mwendo. Sikuongeza. Niliushika ule ule. Mama Vannak akaingia, akapiga magoti, akaweka sinia lake kwenye mkeka mbele yangu, lile jani la sale likiwa juu ya ndizi. La pili. La tatu. La sita. La kumi na moja. Crispin ndiye aliyebaki, na yule mshenzi alitembea kama amebeba mayai, ananiangalia usoni anatabasamu.

"Weka chini, mangi!" wakamzomea wenzake. "Utamuua mzee!"

Akaliweka. Sinia likagusa mkeka. Nilimalizia kipande nilichokuwa nimekianza, mpaka sauti yake ya mwisho, bila mbwembwe, kama nilivyofundishwa. Nikainua upinde.

Ua ukalipuka kwa makofi mpaka kuku wakaruka uzio. Monica alikuwa analia na mwiko mkononi. Stella alitoka mbio na gauni lake la hariri, akaniangukia shingoni, maua yakamwagika kwenye mapapai.

Mama Vannak alinishika mkono wa kushoto. Akavifungua vidole, akaiona damu, akasema na mwanawe.

"Anasema marehemu baba alikuwa anapiga taratibu zaidi," akasema Vannak.

"Na nini tena?"

"Anasema hakuwahi kupiga muda mrefu namna hii. Wanawake wa kule kwetu hawana maneno mengi hivi getini."

Mama akatoa simu kwenye mkoba, akampigia kaka yake kwa video. Uso wa mzee mwenye kofia ukatokea. Mama akamwonyesha masinia, moja moja, yote kumi na mawili. Akamwonyesha mkeka. Akamvuta Stella kwa mkono, akambana ubavuni kwake, akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa.

Vannak alianza kucheka. "Anawaambia wasitafute wapigaji. Ya padre ni kesho, lakini ya kwetu imefungwa leo. Mwezi wa kumi anakuja na mkwe wake, wao wapike chakula tu."

Shangazi walisikia neno mkwe, na sikusikia tena kitu kwa dakika nzima. Zilipopungua kelele, yule mzee kwenye simu alikuwa ananinyooshea kidole.

"Mjomba amesikia sehemu ya mwisho," akasema Vannak. "Anauliza huyo fundi mmemtoa kijiji gani. Anasema mafundi wote wa kwao anawajua, huyu hamjui."

Sikusubiri nitafsiriwe. Niliisogelea simu, nikamwambia mwenyewe, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bahari.

"Kibosho!"